Namna ya kuwaonyesha watu wa nyumbani muvi za pembeni za The Untamed

Kabla hujawasha televisheni, waambie jambo moja: stelingi hayumo. Waambie mapema, wakiwa bado wanagombania nafasi kwenye mkeka, maana hapa Ngamiani mtu akikaa nusu saa anamsubiri stelingi asiyetokea, atakulaumu wewe, si Wachina. Wei Wuxian na Lan Wangji ndio walioibeba sizoni yenyewe ya The Untamed, tamthilia ya Kichina ya sehemu 50, iliyoanza kurushwa Juni 2019. Muvi mbili zilizochipuka humo ni za wenzao. The Living Dead, ya Novemba 2019, ni ya Wen Ning na kijana Lan Sizhui. Fatal Journey, ya Machi 2020, ni ya ndugu wawili wa ukoo wa Nie: kaka mtu Nie Mingjue na mdogo wake Nie Huaisang.

Kama wewe mwenyewe hujaimaliza sizoni, shoga, usiziguse. Wapo watakaokwambia Fatal Journey uichomeke katikati, kwa sababu matukio yake ni ya wakati kaka mtu bado yu hai. Kataa. Huaisang kwenye sizoni ni kijana wa upepeo mkononi, ukimuuliza chochote anakujibu hajui. Mpaka sehemu za mwisho ndipo unapoanza kujiuliza kama kweli alikuwa hajui. Ukitangulia na muvi, unamtazama kwa jicho la shaka tangu mwanzo na utamu wote unapotea. The Living Dead ndiyo kabisa: sizoni imeificha nasaba ya Sizhui muda wote huo, halafu muvi inaanza kana kwamba unaijua.

Wazee ni habari nyingine. Mama mkwe wangu hawezi kukaa sehemu 50 za kitu kisicho na Kiswahili. Yeye tamthilia za Kichina alizizoea tangu ile ya Mao Doudou na mama wakwe zake, TBC walipoileta mwaka 2011 ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili, na mpaka leo anaona Mchina asiyesema Kiswahili kwenye televisheni amefanya makusudi. Kwa mtu kama huyo chukua Fatal Journey peke yake, uiache ile nyingine. Kisa cha ndugu wawili kinasimama chenyewe, na wewe unakuwa mkalimani.

Kazi ya mkalimani inaanza siku moja kabla. Iangalie peke yako mpaka mwisho, usiwe unasoma maandishi ya tafsiri ya chini ya kioo kwa mara ya kwanza mbele za watu. Halafu panga majina. Kila mtu humo ana majina zaidi ya moja, kama sisi tulivyo na jina la shule, la nyumbani na la Mama Fulani: Lan Wangji ni Lan Zhan kwa anayemzoea na Hanguang-jun kwa anayemheshimu. Ukiyataja yote umewapoteza. Sisi kwetu Huaisang ni Upepeo, kaka yake ni Bwana Upanga. Wen Ning, siku ile tuliyofika kwake, mtoto wa wifi alimpa jina la Mfu Mpole na likamkaa, maana jamaa ni maiti aliyerudishwa, ana nguvu za kung'oa mti, lakini mbele za watu anaona haya.

Usitafsiri kila sentensi. Wakipigana, nyamaza. Wakikaa wakaongea kwa kirefu, ngoja wamalize useme kwa mkato. Sehemu moja tu ndiyo ya kusimamisha muvi kabisa, nayo ni ya panga za ukoo wa Nie, kwa sababu asiyeelewa panga hataelewa kwa nini watu wazima wanahangaika makaburini usiku. Mimi niliwaeleza hivi: "Panga za ukoo huu zina hasira. Mwenye upanga akifa, upanga wake hautulii, ndiyo maana wazee wao walizijengea makaburi na kuziwekea maiti wa kushindana nazo. Na hasira hiyo humrudia mwenyewe angali hai, ikamharibu akili. Viongozi wao wengi hufa kabla ya uzee."

Mama mkwe akashusha kikombe. "Sasa si waziache?"

Hapo ujue ameshaingia. Muvi nzima ni swali lake hilo. Upepeo hataki kushika upanga, anapenda michoro na ndege wake. Kaka anamgombeza kila siku kuwa ni mvivu, naye anajua fika ule upanga unamfanya nini. Kila wanapogombana, mkumbushe mzee alichouliza, basi. Hana haja ya kujua vita vya ukoo wa Wen wala filimbi ya Wei Wuxian.

Vyombo sasa, haraka haraka. Pakua muvi ndani ya programu ya simu unayoangalizia ukiwa kwenye Wi-Fi ya mtu, usimalize bando. Kuunganisha simu na televisheni kwa waya jaribu mchana, kwani programu nyingine hukataa: sauti inatoka, kioo kinabaki cheusi. Kama una faili na maandishi yako kwenye flashi, hakikisha faili la maandishi lina jina lilelile la muvi, herufi kwa herufi, la sivyo televisheni nyingi haziyaoni. Angalia na LUKU. Anza baada ya Isha, bajia ziwe zimeshakaangwa, kwa sababu mkalimani akienda jikoni muvi imekufa.

Mzee akinogewa akataka sizoni, mpe. Utasema siri ya Upepeo imeshavuja; wazee hawajali siri, wanafuata watu wao. Ila mtayarishe kwa sehemu mbili za mwanzo, ndizo zinazofukuza watu: Wei Wuxian anafufuliwa baada ya miaka 16, majina yanamwagika, halafu ghafla tunarudishwa nyuma alipokuwa kijana na tunakaa huko sehemu thelathini hivi. Zionyeshe mbili hizo na ya tatu kwa usiku mmoja, bila kupumzika. Mwambie azitambue koo kwa rangi za nguo: Lan ni weupe wenye utepe kwenye paji la uso, Jiang ni zambarau, Jin ni dhahabu, na wale wa Wen wanaovaa wekundu awaogope tangu mwanzo. Bwana Upanga akitokea, utamsikia mwenyewe anamwita.