Chatu ashikwe mara ngapi kwa wiki?

Mara moja, zikizidi sana mbili. Ndivyo ninavyomjibu kila anayekuja kwangu Ngamiani kumtazama chatu, akauliza mbona leo hatolewi. Sisi watu wa Tanga hatuna choyo kwa mgeni, ila chatu hapendi kupapaswa kama paka. Anavumilia tu. Mtoe kila siku kwa ajili ya picha za simu uone kama ataendelea kuvumilia.

Kwanza kibali. Chatu ni mnyamapori, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 haikupi ruhusa ya kumwokota shamba ukamfuga uvunguni. Huna kibali, hatuna la kuzungumza.

Nyoka mgeni mwache kwa wiki moja hadi mbili. Badilisha maji, toa uchafu, usimguse. Ngoja ale mara mbili tatu bila kusuasua ndipo uanze kumshika, dakika tano tano.

Akishakula, saa 48 mkono usiingie bandani, na akimeza kitu kikubwa kama kuku, subiri mpaka tumbo lishuke. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Kijana mmoja wa Mwambani aliniita usiku akiapa kwamba nyoka wake karogwa. Nilikuta panya kalala sakafuni, manyoya yamelowa na kunyonyoka, kichwa kimeanza kulainika, na harufu ambayo siisimulii kwa mtu anayekula. Uchawi gani! Alimwinua jioni ile ile awaonyeshe rafiki zake. Nyoka mwenye shibe akitishika hucheua apate wepesi wa kukimbia, na asidi ya tumbo hupanda na kuchoma koo. Ikitokea hivyo, maji tu, na chakula kisubiri siku 10 hadi 14, tena uanze na kidogo.

Usimshike pia anapokaribia kujivua gamba. Utamjua: rangi inafifia, macho yanakuwa kama yametiwa maziwa. Nyoka hana kope. Jicho limefunikwa na gamba jembamba linalotoka pamoja na ngozi ya zamani. Siku hizo haoni vizuri, kwa hiyo kila kinachosogea ni adui.

Siku ya kumshika, osha mikono kwa sabuni. Chatu ana vishimo mdomoni vinavyohisi joto, na mkono wenye joto uliotoka kuchinja kuku, kwake yeye ni kuku. Mguse kwanza ubavuni kwa kijiti apate kujua kwamba si saa ya chakula. Kisha mwinue katikati ya mwili, kwa mikono miwili, ukitokea pembeni. Kutoka juu huja kipanga. Dakika 10 hadi 15 zinamtosha. Akikunja shingo kama herufi S, akikaza mwili au akifoka, mrudishe taratibu bila kumbana.

Chatu wa mita mbili na nusu kwenda juu hashikwi na mtu mmoja, na shingoni hawekwi kamwe, hata mpiga picha akusihi vipi. Ukimaliza, nawa tena, kwani nyoka hubeba salmonela, vijidudu vya kuharisha, hata akiwa na afya njema. Watoto walio chini ya miaka mitano wamwone kwenye kioo tu.

Idi nyumba inapojaa wageni, banda nalitia kufuli na ufunguo unakaa mfukoni mwa kanzu yangu.