Kabla ya Kupanda Ulingoni na Upinde

Mishale ikipita juu ya shabaha kila unapopiga ukiwa ulingoni, yaani kwenye jukwaa lililoinuliwa juu ya ardhi, wa kwanza kulaumiwa huwa ni umbali. Hebu piga hesabu. Jicho likiwa mita 6 juu ya shabaha, na shabaha iko mita 20 kutoka mguu wa ulingo, mstari wa jicho ni mita 20.9 hivi. Mshale unavutwa chini kwa kadiri ya zile 20 za ardhini, kwa hiyo tofauti haifiki hata mita. Pima ardhini kwa tepu, lenga kwa kipimo hicho, yaishe.

Kasoro huwa kiunoni. Ukitazama chini, mkono wa upinde hushuka wenyewe huku mwili umebaki wima. Bega linapanda, mvuto wa uzi wa upinde unafupika, na vidole havitui tena pale chini ya taya ulipovizoeza. Dawa yake ni kuvuta kwanza ukiwa umelenga mbele, kama uko uwanjani, kisha uiname kutoka nyonga hadi pini ya kulengea ishuke kwenye shabaha. Mikono na mabega havibadiliki hata kidogo. Zoea hilo ukiwa chini, halafu kwenye jukwaa la kimo cha meza, na mwenzako akurekodi kwa simu akiwa ubavuni. Kwenye video bega halifichiki.

Ulingo nao ukaguliwe. Kama umechomelewa na fundi wa Kariobangi, Nairobi, mwambie mapema reli ya mbele isiwe juu sana. Ukiinama, ncha ya chini ya upinde hushuka karibu na reli, na ikiigonga wakati wa kuachia, mshale unaenda unakotaka wenyewe. Vuta na uiname bila mshale, utaona nafasi iliyobaki. (Vuta tu, usiachie: upinde ukiachiwa mtupu huweza kupasuka.)

Mkanda wa usalama wa mwili mzima uvaliwe kabla mguu haujaacha ardhi. Upinde na podo la mishale vipandishwe kwa kamba baadaye, mikono yote miwili iwe ya ngazi. Kuanzia Machi hadi Mei, mvua ndefu zikishika, mbao huteleza vibaya, ahirisha.

Na tuelewane, hapa ni shabaha tu. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977. Roshani ya ghorofa kule mtaa wa Pipeline, Nairobi, pia si ulingo, hata kama shabaha iko uani na watoto wameitwa ndani.

Shabaha yenyewe, gunia lililoshindiliwa matambara ya soko la mitumba la Gikomba linatosha, ila liegemeze nyuma kidogo likutazame. Likisimama wima, mshale unaingia kwa mshazari na unaweza kutokea chini yake. Okota mawe yote yaliyo mbele na nyuma yake, maana mshale ukigonga jiwe hujui utaruka upande gani.