Mwezi wa Filamu za Upelelezi: Namna ya Kuzitazama kwa Jicho la Mpelelezi

Anayeamua kuutenga mwezi mzima kwa ajili ya filamu za upelelezi huanza mara nyingi kwa kukusanya filamu 30, moja kwa kila siku, na ifikapo siku ya kumi majina ya washukiwa yamemchanganyikia kiasi kwamba hakumbuki nani alimuua nani katika nyumba ipi. Ushauri wangu ni kuchagua filamu nane tu, yaani mbili kwa wiki, na kuacha jioni moja ya kila wiki kwa ajili ya kuirudia mojawapo ya hizo mbili. Jioni hiyo ya kurudia isiachwe hata kama muda ni mfinyu, kwa sababu mara ya kwanza mtazamaji hufichwa jambo, na ni mara ya pili tu ndipo anapoweza kuona jinsi alivyofichwa.

Andaa daftari, na kila ukurasa uugawe katika safu tatu. Safu ya kwanza iandikwe nilichokiona, ya pili nilichoambiwa, na ya tatu ninachokishuku. Tofauti kati ya safu ya kwanza na ya pili ndiyo roho ya zoezi zima. Kamera ikionyesha kisu mezani, hilo umeliona. Mhusika akisema kwamba usiku wa mauaji alikuwa amelala, hilo umeambiwa tu, hata kama aliyelisema ni mzee mwenye heshima na sauti ya upole. Wengi hudanganywa na filamu hizi kwa sababu waliyoambiwa huyahamishia upande wa waliyoyaona bila wenyewe kutambua.

Msomaji wa Kiswahili haingii katika mwezi huu akiwa mgeni. Tangu riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilipochapishwa mwaka 1960, tumemjua mpelelezi Bwana Msa wa Unguja na kiko chake, na rafiki yake Najum ambaye huyaona mambo yale yale lakini hayaelewi mpaka afafanuliwe. Lengo la daftari ni kukutoa katika nafasi ya Najum.

Jambo moja la maandalizi linahitaji kusemwa wazi. Filamu zilizotafsiriwa, ambazo msimulizi huzungumza juu ya sauti za waigizaji, zimewapa watu wetu burudani kubwa na nina heshima kwa kazi hiyo, lakini hazifai kwa mwezi huu. Msimulizi anaujua mwisho, na mara nyingi sauti yake humwonyesha muuaji mapema. Tena uongo wa mshukiwa hukaa katika kusita kwake na katika pumzi yake, na hayo hufunikwa. Tumia nakala yenye maandishi ya tafsiri chini ya picha. Kama bando lako ni dogo, pakua filamu za wiki nzima mapema ili utazamaji usikatizwe katikati, kwa kuwa dalili inayopita sekunde chache hupotea picha inapokwama.

Wiki ya kwanza ianze na Murder on the Orient Express ya mwaka 1974, iliyoongozwa na Sidney Lumet, ambamo Albert Finney anaigiza kama mpelelezi Hercule Poirot. Treni imekwama thelujini, abiria mmoja ameuawa, na hakuna aliyeweza kuingia wala kutoka. Inafaa kufungulia mwezi kwa sababu karibu kila kitu baada ya mauaji ni mahojiano, na safu ya pili itajaa haraka. Usidharau dakika za mwanzo kabisa, zinazosimulia kwa vipande vya magazeti utekaji wa mtoto uliotokea Marekani miaka mitano kabla ya safari hiyo. Poirot anapowakusanya abiria wote katika behewa la chakula, simamisha filamu, andika jina au majina unayoyashuku pamoja na sababu, kisha ndipo uendelee. Dhana isiyoandikwa kabla ya mwisho haina thamani, kwa sababu baada ya mwisho kila mtu husema kwamba alijua.

Filamu ya pili ni The Maltese Falcon ya mwaka 1941, kazi ya kwanza ya John Huston kama mwongozaji, iliyotokana na riwaya ya Dashiell Hammett, mwandishi ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mpelelezi wa kampuni ya Pinkerton. Sam Spade, mpelelezi wa filamu hii, yumo karibu katika kila onyesho, hivyo tunajua anachokijua na si zaidi. Onyesho moja fupi halimhusishi: mshirika wake anapigwa risasi, nasi tunaiona bastola lakini hatumwoni aliyeishika. Liandike hilo katika safu ya kwanza, kisha uangalie ni mara ngapi mteja aliyeleta kesi anabadilisha jina lake. Mwisho wa wiki rudia ile ya treni, si hii.

Wiki ya pili ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Katika Rear Window ya Alfred Hitchcock, iliyotoka mwaka 1954, mpiga picha aliyevunjika mguu ameketi dirishani jijini New York katika joto kali la kiangazi, akiwatazama majirani waliozunguka ua mmoja. Kamera haitoki katika chumba chake isipokuwa kwa muda mfupi sana, na mtazamaji anafungwa naye pale kitini. Hapa swali si nani ameua, maana mshukiwa ni mmoja tangu mapema. Swali ni kama kuna mtu aliyeuawa hata kidogo. Kwa filamu hii igawe safu ya kwanza mara mbili: alichokiona yeye na nilichokiona mimi. Sababu ni onyesho moja la usiku wa mvua, ambapo mpiga picha amesinzia na kamera inatuonyesha mlango wa jirani anayeshukiwa ukifunguliwa na watu wawili wakitoka. Shujaa hakuliona hilo, nasi tumeliona, na tangu hapo tunabeba ushahidi unaopingana na imani yake bila ya yeye kujua. Wakati wa kurudia, chukua muda wa kuliangalia onyesho hilo peke yake, ujiulize ni kwa nini mwongozaji alitaka tumtilie shaka mtu ambaye tumekaa upande wake tangu mwanzo.

Ifuate Witness for the Prosecution ya mwaka 1957, ya Billy Wilder, ambayo sehemu yake kubwa iko mahakamani London. Isimamishe wakati baraza la mahakama linapokwenda kutafakari uamuzi wao. Mwishoni sauti inawaomba watazamaji wasimsimulie mtu yeyote jinsi kesi ilivyokwisha, na ni ombi linalofaa kuheshimiwa mwezi mzima na wote mnaotazama pamoja nyumbani.

Wiki ya tatu inaweza kwenda kwa kasi zaidi. In the Heat of the Night, iliyopata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya mwaka 1967, inamleta Sidney Poitier kama mpelelezi kutoka Philadelphia anayekamatwa katika mji mdogo wa Mississippi kwa sababu tu ni mtu mweusi mwenye fedha mfukoni. Zingatia anavyoichunguza maiti kwa mikono yake huku polisi wa mji wakimtazama, na jinsi suala la mkono wa kulia na wa kushoto linavyomwokoa mtu asiye na hatia. Ya pili ni Kahaani ya mwaka 2012, filamu ya Kihindi ambamo mwanamke mjamzito anafika Kolkata kutoka London kumtafuta mumewe aliyepotea. Hiyo irudiwe, na sitasema zaidi juu yake.

Wiki ya mwisho ni ya kuzivuruga zile safu. Rashomon ya Akira Kurosawa, filamu ya Kijapani iliyotoka mwaka 1950 na kushinda tuzo ya Simba wa Dhahabu katika tamasha la filamu la Venice mwaka uliofuata, ina dakika 88 tu. Samurai, yaani askari wa kale wa Japani, ameuawa msituni, na tunapewa maelezo manne yasiyopatana, mojawapo likitoka kwa marehemu mwenyewe kwa kinywa cha mganga. Kila maelezo tunaonyeshwa kwa picha kamili, kwa hiyo tunayoyaona ni yale yale tuliyoambiwa, na daftari linashindwa. Angalia pia kwamba hakimu haonekani wala hasikiki: mashahidi wanazungumza wakiwa wameielekea kamera, na kiti cha hakimu umekalia wewe.

Malizia na Memories of Murder ya Bong Joon-ho, ya mwaka 2003, na watoto wasiwepo. Imetokana na mauaji ya kweli ya wanawake yaliyotokea Hwaseong, Korea Kusini, kati ya mwaka 1986 na 1991. Mpelelezi wa kijijini anaamini kwamba humjua mkosaji kwa kumtazama machoni, na mwenzake aliyetoka Seoul anaamini kwamba nyaraka hazidanganyi. Filamu ilipotoka muuaji alikuwa hajajulikana. Ni mwaka 2019 ndipo vipimo vya DNA vilipomtambulisha mtu aliyekuwa tayari anatumikia kifungo cha maisha kwa mauaji mengine, na mwaka 2020 mahakama ikamwondolea hatia mwanamume aliyekuwa amefungwa takriban miaka 20 kwa mojawapo ya mauaji hayo, baada ya kulazimishwa kukiri. Ukishayajua hayo, rudi kwenye onyesho ambalo polisi wanamfundisha mshukiwa maneno ya kukiri huku wakimrekodi, ukaangalie maneno hayo uliyaandika katika safu ipi.