Somo: Kuanika nguo zikauke upesi, zisipauke wala kunuka uvundo

Hapa Tanga jua tunalo, lakini bado utaona kanga iliyopauka upande mmoja na shati lenye mstari wa kutu kifuani. Nimefua kwa mikono miaka mingi, na nimeona kwamba kinachokausha nguo ni upepo, jua ni msaidizi wake. Kwa hiyo tuanze na kamba.

1. Funga kamba uwanjani, mbali na ukuta, ikingame upepo. Kwetu pwani kusi huvuma kutoka kusini-mashariki kuanzia Aprili hadi Septemba, na kaskazi hutoka kaskazini-mashariki kuanzia Desemba hadi Machi. Kamba ikifuata upepo, nguo ya mbele huikinga ya nyuma. Waya mtupu usiutumie, hewa ya chumvi huuozesha upesi, na doa la kutu halitoki kwa sabuni. Kamba ya manila inatosha, ila ifute kwa kitambaa kibichi kila kabla ya kuanika. Msimu wa korosho, usianike chini ya mkorosho! Doa la bibo likishaingia, limeingia.

2. Kamua vizuri. Taulo na jinzi mkamue wawili, kila mmoja asokote kwa upande wake. Sweta lisisokotwe, libonyeze ndani ya taulo kavu, kisha lilaze.

3. Kung'uta kila nguo mara mbili tatu kwa nguvu. Wengi huruka hatua hii, halafu wanahangaika na mikunjo kwenye pasi.

4. Anika. Nguo za rangi zigeuze ndani nje. Shati libane kwenye pindo la chini, maana vibanio vikikaa mabegani huacha alama. Suruali ibane kiunoni na mifuko uitoe nje. Shuka ibane pindo zote mbili kwenye kamba, tumbo lining'inie, lijae upepo kama tanga la ngalawa. Kanga na vitenge viweke kivulini penye upepo. Jua la saa sita linakula rangi. Nyeupe na nepi ndizo za jua kali.

5. Anua kabla jua halijazama, umande usizikute. Gusa kola, mishono na mkanda wa suruali. Hapo pakiwa pabichi, nguo bado.

MASWALI

Swali: Shikamoo dada. Nguo za ndani naona haya kuanika nje, naanika chumbani. Kuna ubaya?
Jibu: Marahaba mdogo wangu. Chumbani hukawia kukauka na unyevu huzaa uvundo na ukungu. Funga kamba mbili: ya nyuma weka za ndani, ya mbele tandaza kanga nyepesi. Hakuna atakayeziona, na upepo utazifikia.

Swali: Masika tufanyeje?
Jibu: Fua kidogo kidogo, anika barazani, acha nafasi ya kiganja kati ya nguo na nguo. Iliyokwisha kunuka ifue upya. Kuipulizia manukato hakusaidii.

Swali: Mwanangu alitoka kama jipu mgongoni, likatoka buu jeupe. Jirani anasema ni nguo. Kweli?
Jibu: Pole sana mama. Inawezekana kabisa. Yuko nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, hasa za kivulini au zilizotandazwa chini kwenye majani na mchanga. Mayai yakianguliwa, mabuu hupenya ngozi ya anayevaa. Kwa hiyo usitandaze nguo chini, na zile nilizosema zikae kivulini zipige pasi ya moto pande zote mbili, ukikazia mishono. Likitokea jipu jingine usilikamue kwa nguvu, buu likikatikia ndani litaleta usaha; mpeleke zahanati. Nepi na nguo za mtoto mchanga usimvalishe bila pasi, hata kama zilianikwa juani.