Batani za sauti zimegoma kwenye Linux? Anzia hapa

Huku Kigoma laptopu nyingi ni yuzdi, mtu anaweka Linux inakimbia vizuri tu, ila akibonyeza batani ya kuongeza sauti, kimya. Mi ninayo moja kwenye steshenari pale Mwanga, muziki uko juu, mteja anapigiwa simu, alafu nianze kutafuta mausi ndo nipunguze, inakera kwelikweli.

Usikimbilie seting za sauti, jua kwanza kama kibodi inatuma kitu. Fungua terminali, andika xev (kama huna, kwa Ubuntu au Debian piga sudo apt install x11-utils), kile kidirisha cheupe kikifunguka bonyeza batani ya sauti. Ikitokea XF86AudioRaiseVolume ujue kibodi ni nzima, ila hakuna programu inayoisikiliza. Ikitokea F3 au F12 hapo ni mambo ya Fn, bonyeza pamoja na Fn, na laptopu nyingi Fn na Esc kwa pamoja inageuza, hapo huhitaji tena kushikilia Fn.

Kwa wanaotumia XFCE (desktop nyepesi ya Linux), raiti kliki alama ya spika kwenye paneli, ingia Properties, weka tiki pale kwenye keyboard shortcuts. Mara nyingi inaishia hapo.

Kama hiyo alama huna kabisa, nenda Settings, Keyboard, Application Shortcuts, bonyeza Add, weka hii:

pactl set-sink-volume @DEFAULT_SINK@ +5%

alafu ikikuuliza batani bonyeza ya kuongeza. Ya kupunguza weka -5%, ya kuzima ni:

pactl set-sink-mute @DEFAULT_SINK@ toggle

Ijaribu kwenye terminali kwanza, isipofanya kazi huko hata kwenye batani haitafanya. Na tafadhali andika hilo @DEFAULT_SINK@ (yaani kifaa cha sauti kinachotumika) kama lilivyo, maelekezo mengi ya zamani yanaweka namba 0, sasa ukichomeka spika ya USB au TV kwa HDMI namba si yenyewe tena, unabonyeza weee kumbe unaongeza sauti ya kitu ambacho hata hakipigi.

Tiki na shortcut usiviweke vyote viwili, chagua kimoja. Alafu pactl inavuka 100% bila kukuuliza na spika ndogo za laptopu zinakoroma vibaya, kwa hiyo kama mashine yako ina PipeWire (mfumo wa sauti wa Linux nyingi za sasa) mi nakushauri hii, haipiti 100%:

wpctl set-volume -l 1.0 @DEFAULT_AUDIO_SINK@ 5%+

Wa i3 (programu ya kupanga madirisha), amri ni hizohizo, ile ya kuongeza itangulizie bindsym XF86AudioRaiseVolume exec kwenye faili la config, alafu ufanye reload.