Dawa ya mildiu ikishuka chini ya jani, inafanya nini kwenye udongo?

Mvua za msimu A, ule wa kuanzia Septemba, zikishika Kibumba, Masisi na miteremko ya volkano ya Nyiragongo huku kwetu Kivu, mlimaji wa viazi hana usingizi kwa ajili ya mildiu, ugonjwa unaoozesha viazi. Leo ni doa la kimajimaji kwenye ncha ya jani, keshokutwa doa limekuwa jeusi na chini yake kuna ukungu mweupe. Wiki moja ya baridi na mawingu ikipita hivyo, shamba linanuka kuoza hadi barabarani. Siwezi kumwambia mtu wa huku aache kupiga dawa, atakula nini? Ninachotaka tuangalie ni ile dawa isiyobaki kwenye jani. Nyingi kuliko tunavyodhani inaishia chini, hasa viazi vikiwa bado vidogo na sehemu kubwa ya tuta iko wazi.

Huko chini kuna viumbe wadogo wa aina nyingi, na wachache tu ndio wanaotuletea magonjwa. Rizobia ni bakteria wanaoishi kwenye mizizi ya maharagi na soya; wanachukua nitrojeni ya hewani na kuifanya chakula cha mmea. Trikodema ni kuvu anayeshambulia kuvu wenzake, wakiwemo wanaoozesha mizizi ya maharagi. Halafu kuna mikoriza, kuvu anayeingia kwenye mzizi na kutoa nyuzi nyembamba sana zinazofika mahali mzizi wenyewe haufiki, zikirudi na fosfori.

Huyo wa mwisho ndiye ningemlinda kuliko wote hapa Goma. Udongo wetu wa volkano una sifa ya rutuba, na ni kweli, lakini una tabia moja ya uchoyo: fosfori unaikamata na kuibana, mmea unaipata kwa shida. Ukimpoteza mikoriza kwenye udongo wa namna hii, unaweza kumwaga mbolea ya dukani na sehemu kubwa ikabaki imefungwa palepale. Tena kabichi haishirikiani kabisa na mikoriza. Shamba linalolimwa kabichi juu ya kabichi, na dawa kila wiki, linamfukuza kwa njia mbili. Baada ya kabichi weka maharagi, karoti au vitunguu, ambao mizizi yao inampokea vizuri.

Sasa, dawa za ukungu hazifanani, na kosa la semina nyingi ni kuzitaja kana kwamba ni kitu kimoja.

Mankozebu, ile poda ya njano inayojulikana kuliko zote, inakaa juu ya jani na kuzuia mbegu za ugonjwa zisiote. Ikianguka chini inapunguza kuvu na bakteria wa aina nyingi bila kuchagua, ila haidumu: inaanza kuvunjika ndani ya siku chache, na udongo wenye samadi hurudisha uhai wake baada ya wiki kadhaa. Tatizo ni kupiga tena na tena kabla uhai huo haujarudi. (Umoja wa Ulaya uliamua mwishoni mwa 2020 kutoipa tena kibali, na sababu kubwa ilikuwa afya ya watu: homoni na mimba. Kwa hiyo mama mjamzito asichanganye dawa hii, na anayechanganya avae glavu na afunike pua na mdomo.)

Metalaksili inaingia ndani ya mmea. Kiumbe wa mildiu si kuvu halisi. Ukoo wake uko karibu zaidi na mwani wa majini, na metalaksili imetengenezwa kwa ajili ya ukoo huo. Ndiyo maana inamuumiza mikoriza kidogo tu. Lakini inakaa udongoni muda mrefu kuliko mankozebu, na ukiitumia kila wiki mildiu inaizoea. Anza na mankozebu kabla ugonjwa haujaonekana, na mchanganyiko wenye metalaksili uuweke kwa wiki mbaya za mvua, mara mbili kwa msimu, tatu ukizidi.

Karbendazimu na benomili ningeziweka mbali na udongo kabisa. Watafiti wanapotaka kipande cha shamba kisicho na mikoriza, ili walinganishe, benomili ndiyo wanayomwagia. Zinadhuru pia minyoo ya ardhini. Ukiona mtu anamimina karbendazimu kwenye mashimo ya kupandia, muulize ni ugonjwa gani anautibu.

Kisha kuna shaba. Watu wengi wanaiamini kwa kuwa ni ya zamani. Mfaransa Alexis Millardet alitangaza mchanganyiko wa sulfati ya shaba na chokaa mwaka 1885, kwa ajili ya mizabibu ya Bordeaux. Hata wakulima wa kilimo hai wanaruhusiwa kuitumia. Lakini shaba ni madini: haiozi, haivunjiki, inajilimbikiza. Mashamba ya mizabibu ya Ulaya bado yana shaba ya babu zao, na leo sheria ya huko hairuhusu kuzidi kilo 28 kwa hekta katika miaka 7. Ndugu zetu wa Lubumbashi hawahitaji kuelezwa. Wanajua ardhi inakuwaje upande ule upepo ulikopeleka moshi wa tanuru la shaba kwa miaka mingi. Kipimo cha pompi hakifiki huko, lakini mwelekeo ni uleule. Kwenye udongo wa volkano wenye mboji nyingi shaba hushikwa na kudhuru kidogo. Kwenye udongo mchachu wa vilima vya Walungu, upande wa Bukavu, inabaki huru na kuumiza mapema. Mwenye kahawa huko apige shaba wakati ugonjwa unapotisha, asiifanye desturi ya kalenda.

Mahali ambapo hasara inatokea bila mtu kuona ni kwenye mbegu. Mbegu ya maharagi au soya iliyopakwa rangi nyekundu au kijani ina dawa, mara nyingi thiramu. Ukiipaka tena unga mweusi wa rizobia, unawaweka bakteria hai juu ya dawa yenyewe, na wengi watakufa kabla mbegu haijaota. Chagua kimoja. Ukiwa na unga wa rizobia, tafuta mbegu isiyopakwa dawa, ichanganye kivulini, panda siku hiyohiyo na ufunike udongo mara moja kwa sababu jua nalo linaua. Ukiwa huna njia ila mbegu yenye rangi, changanya rizobia na samadi iliyooza vizuri, iweke kwenye mfereji, tandaza udongo kidogo, ndipo mbegu. Mbegu hiyo yenye rangi haiendi chunguni hata njaa ikiuma.

Kwenye kupiga dawa, mengi yanategemea mkono. Jani lilowe bila kudondosha. Ukiona matone yanaanguka kutoka ncha ya jani, hayo yanalisha udongo dawa na mfuko wako unalia. Viazi vikiwa vifupi, tumia maji machache na shusha ncha ya pompi karibu na mmea. Pima dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Kikopo cha tomati hakipimi gramu zilezile kila siku: leo kimejaa, kesho kina kilima juu. Piga asubuhi umande ukishakauka, mbingu zikiwa na dalili ya kukupa saa chache, kwani mvua ya papo hapo itaisukuma yote chini. Na pompi usiioshee karibu na lundo la samadi. Hilo lundo ndilo linalorudisha uhai shambani, na tangu ng'ombe wa Masisi wapungue samadi imekuwa ghali. Ukiweza, panda pia Cruza, aina ya viazi inayovumilia mildiu kiasi cha kukupunguzia mizunguko ya dawa.

Utajuaje kama udongo wako umeumia? Maharagi yakianza kutoa maua, chimba mashina matano kwa jembe, usiyang'oe kwa mkono kwa sababu vinundu vitabaki chini. Suuza mizizi taratibu kwenye ndoo, kisha pasua kinundu kwa ukucha. Ndani kikiwa chekundu au cha waridi, rizobia wako kazini. Kikiwa cheupe au kijani, wapo lakini hawafanyi kitu. Usipokuta kinundu chochote, rudi nyuma uangalie mbegu uliyopanda na dawa uliyomwaga.

Njia nyingine ni kuzika vipande viwili vya kitambaa, kina cha kiganja kimoja, kimoja kwenye tuta linalopigwa dawa sana na kingine pembezoni pasipopigwa. Vifukue baada ya miezi miwili. Udongo hai utakuwa umekila kitambaa hadi kikatoboka. Kikitoka kizima, una kazi ya samadi na ya kupumzisha dawa. Kiwe pamba tupu, lakini. Vitenge vingi vya bei ndogo vina nyuzi za plastiki, na hizo utazikuta kama ulivyoziacha hata ungelima kwenye udongo bora kuliko wote Kivu.