Namna ya Kufikisha Kipaumbele cha Mtaa Wako kwa Mwakilishi Wadi wa Nairobi

Kaunti ya Nairobi ina wadi 85, na kila moja humchagua mwakilishi wake katika bunge la kaunti. Yeye hajengi barabara wala mitaro, kwani hiyo ni kazi ya serikali ya gavana. Kazi yake ni kutunga sheria, kupitisha bajeti na kuisimamia serikali hiyo, kwa hiyo ombi lako lilenge bajeti.

Anza na kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa bungeni kufikia Septemba 1 na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, ilhali mwaka wa fedha huanza Julai 1. Inasikitisha kuona wakazi wenye hoja nzito wakijitokeza Juni, wakati mengi yameshaamuliwa.

Andika ombi moja tu, lenye mahali kamili, picha na idadi ya kaya zinazoathirika, ulipeleke katika ofisi ya wadi na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Hudhuria pia vikao vya maoni ya umma, maana kifungu cha 196 cha Katiba ya 2010 kinalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi. Mwakilishi asipojibu, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakupa haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa bunge lenyewe.